Chuck Jones na Zile Fremu 14

Wile E. Coyote anaanguka kutoka ukingo wa jabali. Tunamtazama kutoka juu. Yule mbweha mwembamba anakuwa mdogo, anazidi kuwa mdogo, anabaki nukta, kisha hata nukta haipo. Kimya. Halafu kule chini kabisa kijivumbi kinafuka, na hapo ndipo watu wanacheka. Chuck Jones, aliyeongoza katuni hizo, alikuwa akieleza hesabu yake hivi: fremu 18 za mbweha kupotea machoni, kisha fremu 14 za kungoja, ndipo vumbi. Filamu hupita kwa fremu 24 kila sekunde, kwa hiyo kungoja kwenyewe ni zaidi kidogo ya nusu sekunde. Fremu 13 hazichekeshi, alisema, na 15 hazichekeshi pia.

Kwa miaka mingi sasa hesabu hiyo hainitoki kichwani. Mtu aliyeweza kuisikia tofauti ya sehemu moja ya ishirini na nne ya sekunde alikuwa na sikio la mpiga ngoma, ingawa kazi yake ilikuwa penseli. Na hadithi hiyo inanivuta kwenye swali ambalo wapenzi wake huliruka: sikio hilo lililelewa wapi, na kina nani walikuwa wakipiga ngoma pamoja naye?

Jones alizaliwa Spokane, katika jimbo la Washington, tarehe 21 Septemba 1912, akakulia California, akafariki Februari 2002 akiwa na miaka 89. Wengi wanaomwandikia humkalisha kwenye kiti cha mfalme: fundi mmoja, akili moja, mkono mmoja. Mimi nampenda pia, na nilimtazama kabla sijajua jina lake. Ila kiti hicho naona kinamkosea. Kazi zake zilizo bora kabisa zimo ndani ya miaka kama kumi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi 1957. Alizifanya katika studio isiyokuwa yake, kwa bajeti ambayo hakuipanga na chini ya bosi asiyejua kucheka, akiwa na wenzake ambao wengi wetu hatuwajui hata kwa majina. Baadaye alipopata nafasi pana na jina kubwa, kuna kitu kilipungua.

Baba yake alikuwa mtu wa kuanzisha biashara na kufilisika. Kila biashara mpya ilianza kwa kununua karatasi nzuri za barua na penseli zilizochapwa jina la kampuni, na kila ilipokufa, karatasi na penseli ziliwaangukia watoto. Jones alisimulia kwamba baba aliwakataza kuchora pande zote mbili za karatasi, kwa sababu alitaka shehena ile imalizike upesi isiendelee kumkumbusha. Wachoraji wengi husimulia utoto wa uhaba. Huyu alikuwa na shibe ya karatasi, iliyotokana na kushindwa kwa mtu mzima aliyempenda. Sina kawaida ya kusaka utoto wa mtu ndani ya kazi yake, lakini kila nikimwona yule mbweha akifungua sanduku jipya la kampuni ya Acme, uso umejaa imani kwamba safari hii mambo yatakwenda, namwona mzee wa Jones akifungua boksi la karatasi zenye nembo mpya.

Alisoma sanaa katika chuo cha Chouinard, Los Angeles. Kazi yake ya kwanza katika katuni, kwenye studio ya Ub Iwerks, ilikuwa kuosha zile karatasi angavu za selulodi zilizokwisha kutumika ili zichorwe upya. Mwaka 1933 akaingia kwa Leon Schlesinger, mfanyabiashara aliyekuwa akiiuzia katuni Warner Bros., na miaka miwili baadaye akawekwa pamoja na wachora katuni Tex Avery na Bob Clampett katika nyumba ya mbao iliyoliwa na mchwa, ambayo wenyewe waliipa jina la mchwa hao: Termite Terrace. Mwaka 1938 akaongoza katuni yake ya kwanza, The Night Watchman.

Hizi za mwanzo zinachosha. Zina kapanya kazuri kaitwako Sniffles, zina mwanga mzuri, zina manyoya yaliyochorwa kwa subira, na hazina mwendo. Jones alikuwa akijaribu kuwa Disney kwa fedha za Schlesinger. Alipoacha kujaribu, mwaka 1942, alitoa The Dover Boys, katuni ambayo watu wake wanasimama tuli kama sanamu, kisha wanaruka kutoka mkao mmoja hadi mwingine kwa kufutika tu hewani, mstari mmoja wa rangi badala ya michoro kumi. Jones alisimulia kwamba wakubwa walichukia mno hata wakataka kumfukuza, na kwamba kilichomwokoa ni vita, maana wa kumpa nafasi yake hakupatikana. Yeyote anayechora katuni leo kwa mtindo wa mikao michache na miruko mikali anadaiwa na dakika zile.

Ili kumwelewa Jones wa miaka bora ni lazima kuijua karakana yake.

Schlesinger aliiuza studio kwa Warner mwaka 1944. Kulikuwa na vikosi kadhaa, kila kimoja na mwongozaji wake, na Jones alitakiwa kutoa katuni kama kumi kwa mwaka, yaani moja kila wiki tano. Urefu ulikuwa dakika sita, futi 540 za filamu. Hapakuwa na anasa ya kuchora kingi kisha kukata baadaye, maana kila mchoro ni fedha. Kwa hiyo mwongozaji alipanga muda wote kichwani na kwenye karatasi kabla mchoraji hajagusa penseli. Zile fremu 14 zilizaliwa hapo. Ni sikio la mtu aliyekatazwa kukosea.

Kazi ilianza kwa kikao ambacho Jones alikieleza mara nyingi. Mwandishi alileta wazo, wengine wakaketi, na kwa saa mbili hakuna aliyeruhusiwa kusema hapana. Ukiwa huna la kuongeza, unanyamaza. Kila neno lazima lisogeze wazo mbele. Mwandishi huyo kwa kawaida alikuwa Michael Maltese, na hapa ndipo naanza kubishana na wapenzi wa kiti cha mfalme. Ile mizunguko ya maneno ambayo bata Daffy anajinasa nayo mwenyewe, mpaka anaamuru apigwe risasi na bado anadhani ameshinda, ni mizunguko ya Maltese. Ukiitazama Rabbit Fire ya 1951, au Rabbit Seasoning ya mwaka uliofuata, ambamo bata anapoteza uhai wake mara kwa mara kwa sababu ya kiwakilishi kimoja kilichokaa pabaya, unamsikia mtu anayeipenda lugha kama sisi tunavyopenda kujibizana kwa mafumbo.

Maurice Noble alipanga mandhari. Majangwa yale ya rangi ya chungwa na majabali yaliyosimama kama mihimili ya nyumba isiyo na paa ni yake, na Phil DeGuard ndiye aliyeyapaka rangi. Carl Stalling, aliyewahi kupiga kinanda katika majumba ya sinema Kansas City enzi za filamu bubu, alitunga muziki akiwa na orkestra nzima ya Warner mkononi. Treg Brown alitafuta milio. Mel Blanc alitoa sauti. Ken Harris, Ben Washam, Lloyd Vaughan na wengine walichora. Chawa huyu hakuvunjwa na kidole kimoja.

Na juu yao wote alikaa mtayarishaji, Eddie Selzer. Jones hakumsamehe mpaka mwisho. Alisimulia kwamba siku moja Selzer alisimama mlangoni, bila kuulizwa, akatangaza kuwa hataki katuni za kupigana na fahali, kwa sababu fahali hawachekeshi. Jones na Maltese hawakuwa na wazo lolote la fahali. Wakaangaliana, wakakumbuka kwamba bosi huyu hajawahi kusema kitu kikawa kweli, wakatengeneza Bully for Bugs, iliyotoka 1953, na ni moja ya nzuri kabisa. Katuni yao ya kijimnyama kinukacho, Pepé Le Pew, ilipopata Oscar kwa mwaka 1949, aliyepanda jukwaani kuichukua alikuwa Selzer, kwa kuwa tuzo ilikuwa ya mtayarishaji. Mwaka huohuo filamu yao fupi ya afya ya jamii, So Much for So Little, ilipata Oscar nyingine, tena katika kundi la makala za kweli, jambo ambalo karibu kila anayemsifu Jones hulisahau.

Basi Jones mwenyewe alileta nini? Alileta macho.

Tazama Feed the Kitty ya 1952. Mbwa mkubwa wa sura mbaya anampenda kitoto cha paka. Kwa kosa la kutazama dirishani wakati mbaya, anaamini kitoto kile kimekandwa pamoja na unga na kimeokwa kuwa biskuti. Bi mwenye nyumba, asiyejua lolote, anampa biskuti yenye umbo la paka. Mbwa anaipokea. Anaiangalia. Anaiweka mgongoni, pale alipokuwa akilala mpenzi wake, na anaondoka taratibu huku amejikunja kwa uchungu. Hakuna neno lolote. Kuna mdomo unaotetemeka kidogo na nyusi zinazopanda upande mmoja. Tex Avery angelifanya jicho litoke nje mita tatu. Clampett angelinyumbua mwili wote kama mpira. Jones alisogeza unywele mmoja, na nimeona watu wazima wakipangusa machozi kwa sababu ya biskuti.

Huo ndio ufundi wake hasa: kupunguza. Mnyama wa Jones anafikiri kwanza, nasi tunamwona akifikiri, halafu anatenda. Mbweha anapogundua kwamba amesimama hewani, hapigi kelele. Anatugeukia. Katika mtazamo ule mfupi kuna aibu na uchovu wa mtu ambaye jana pia lilimtokea hilihili. Ndiyo maana mbweha huyu hakuhitaji mkalimani. Mtoto asiyejua neno moja la Kiingereza, akikaa mbele ya televisheni ya jirani, alielewa kila kitu, na alielewa hata jambo gumu zaidi, kwamba anayestahili kuhurumiwa hapa ni mwindaji.

Sungura wake naye ana mantiki yake. Jones alishikilia kwamba Bugs Bunny asianzishe ugomvi kamwe. Lazima awe ametulia shimoni kwake, aje mtu amchokoze, ndipo atangaze vita. Sisi tuliolelewa na hadithi za Sungura tunaiona tofauti hiyo mara moja. Sungura wetu hangoji kuchokozwa. Anakwenda mwenyewe kwenye asali ya Simba, anamchukua na mwenzake wa kumsingizia, na ujanja wake hauhitaji haki. Sungura wa Jones amepewa udhuru wa kimaadili, kama raia mwema anayejitetea. Katika hilo wetu ni shujaa wa hatari zaidi, na naona ni wa kweli zaidi. Pengine Jones alilihisi pengo hilo, kwa sababu tamaa, wivu, woga na kiburi alivihamishia kwa bata. Daffy wa Avery na Clampett alikuwa kichaa wa kurukaruka. Daffy wa Jones ni mtu mzima anayejua kwamba amezaliwa kuwa wa pili na hakubali. Namwelewa huyo kuliko ninavyomwelewa Bugs.

Sasa nifike mahali ambapo makala nyingi za kumsifu hupita mbio.

Kati ya 1939 na 1950 Jones aliongoza katuni tano za mhusika aliyeitwa Inki. Inki ni mtoto mweusi wa Afrika, Afrika ile ya kubuni, yenye msitu mmoja na simba mmoja. Ana midomo iliyovimba, nguo kiunoni, mfupa nyweleni na mkuki mkononi. Hasemi. Anamwinda ndege mweusi wa jamii ya kwenzi anayetembea kwa hatua za kuchechemea huku muziki wa Mendelssohn ukipigwa, na ndege huyo ndiye mwenye siri, mwenye nguvu, mwenye heshima yote ya filamu. Mtoto ni wa kukimbizwa tu. Mwaka 1944 Jones aliongoza pia Angel Puss, yenye mtoto mwingine mweusi aliyechorwa kwa dhihaka ileile, na hiyo ni miongoni mwa katuni 11 ambazo wenye haki wameziondoa kwenye televisheni tangu 1968.

Utetezi unaozoeleka ni kwamba nyakati zilikuwa hivyo. Siukubali, na sababu zangu ninazitoa ndani ya kazi ya Jones mwenyewe na ya watu wake wa karibu. Hakuwa mtu wa siasa za kibaguzi. Mwaka 1941 alisimama na wenzake kudai chama cha wafanyakazi, na mwaka 1944 akaongoza Hell-Bent for Election, katuni ya kampeni ya Roosevelt iliyolipiwa na chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari. Robert Cannon, mmoja wa wachoraji waliomchorea The Dover Boys, aliondoka, na mwaka 1946 akaongoza katuni ya Brotherhood of Man, iliyolipiwa na chama hichohicho, kueleza kwamba rangi ya ngozi haimpangi mtu akili wala utu. Kwa hiyo nyakati zilikuwa na sauti mbili, na moja ilikuwa ikitoka chumba cha jirani. Katuni ya mwisho ya Inki ilitoka 1950, miaka minne baada ya ile ya Cannon.

Na jambo linaloniuma zaidi ni tarehe nyingine. Mbweha alizaliwa 1949, katika Fast and Furry-ous. Huwezi basi kusema kwamba Jones wa Inki alikuwa bado kijana hajajua kazi. Mwaka uleule alioweza kumpa mbweha mwenye njaa aibu, matumaini na fikra, alikuwa na mtoto wa Kiafrika mezani, naye pia bubu, naye pia mwindaji asiyefanikiwa, na hakumpa hata moja kati ya hivyo. Wote wawili hawasemi. Tofauti ni kwamba mbweha anatugeukia na kututazama kama mtu anayetujua. Inki, hata akitazama huku, hakuna aliyewekwa nyuma ya macho yale. Umbo lake halikutoka katika kufikiri. Lilitolewa kwenye rafu ya vikaragosi vilivyokuwa tayari, na mtu aliyefanya kazi nzima ya maisha yake kwa kuchunguza nyusi hakuona haja ya kuchunguza hizi. Sitaki filamu hizo zichomwe. Nataka zitajwe kila anapotajwa, kwa sababu zinatuonyesha mwisho wa jicho lake ulikuwa wapi.

Narudi kwenye kilele. Duck Amuck, 1953: Daffy anagombana na mkono unaomchora. Mkono unambadilishia mandhari akiwa katikati ya maneno, unamwondolea sauti, unamfuta mwili wote akabaki utupu mweupe unaolalamika, na bado ni yeye. Kinachobaki baada ya kuondoa umbo, rangi, sauti na mahali ni namna anavyokasirika. Sijui somo bora zaidi juu ya mhusika ni nini. One Froggy Evening, 1955: mwanamume mmoja anamkuta chura anayeimba na kucheza kama nyota wa jukwaa, ila mbele yake peke yake, na wengine wakitazama chura ni chura tu. Hakuna anayezungumza kwa lugha tunayoisikia, ni nyimbo za chura basi. Sauti ile tamu ilikuwa ya mwimbaji Bill Roberts, ambaye jina lake halikuandikwa.

Kisha What's Opera, Doc? ya 1957, ambayo imeziminya saa nyingi za opera za Wagner katika dakika zisizofika saba. Wiki tano hazikutosha. Kilichofanyika ni wizi mtakatifu. Filamu ilichukua wiki saba, na kwenye kadi za mahudhurio wakaandika kwamba wiki zilizozidi walikuwa wakishughulika na ndege mkimbiaji, Road Runner, na mbweha anayemwinda, ambao walikwisha kuwaelewa kiasi cha kuwamaliza upesi. Noble alimpaka mwindaji Elmer na mbingu yake rangi nyekundu na zambarau ambazo wapaka rangi wenyewe walidhani amekosea. Mwaka 1992 filamu hiyo iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu zinazohifadhiwa Marekani, na mwaka 1994 wataalamu 1,000 wa katuni walipopigishwa kura, iliongoza, huku Duck Amuck ikishika nafasi ya pili.

Wizi ule wa wiki mbili unanieleza Jones kuliko tuzo zake zote. Ukuta ulikuwepo, naye pamoja na kikosi chake walikuwa na akili ya pamoja ya kuuzunguka. Mwandishi, mpangaji wa mandhari, wachoraji, wote walipaswa kusaini uongo uleule. Huwezi kuiba muda peke yako.

Baada ya hapo kikosi kilianza kumeguka. Dalili ilikuwa imeonekana 1953, Warner ilipofunga idara ya katuni kwa miezi kadhaa ikiogopa kwamba sinema zote zitageuka za miwani ya pande tatu. Jones alikwenda kwa Disney, hakukaa. Alisema kulikuwa na kazi moja tu pale iliyomfaa, na mwenyewe Walt alikuwa ameikalia. Mwaka 1958 Maltese aliondoka kwenda kuandikia televisheni kwa Hanna na Barbera, na Stalling akastaafu mwaka huohuo. Mwaka 1962 Warner ilisambaza katuni ndefu ya Gay Purr-ee, ikagundua kwamba Jones na mkewe Dorothy ndio waliouandika mswada wake, ilhali mkataba wake ulimfunga asifanyie kazi studio nyingine. Akafukuzwa. Mwaka uliofuata idara yenyewe ikafungwa.

Alianzisha studio yake, na MGM ikampa Tom na Jerry. Hapa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki watamkumbuka bila kujua kwamba wanamkumbuka. Zile za zamani za Hanna na Barbera, za kutoka 1940 hadi 1958, paka anaumia na unausikia mfupa. Kisha kuna zile ambazo Tom ana nyusi nzito nyeusi, Jerry ana macho makubwa matamu, na mandhari ni maridadi kama kitambaa cha dukani. Hizo ni za Jones, 34, kati ya 1963 na 1967. Utotoni tulizibagua papo hapo: "Hizi siyo zenyewe." Tulikuwa sahihi. Jones mwenyewe alikiri baadaye kwamba wahusika wale hawakuwa wake na hakuwaelewa vya kutosha. Maltese alirudi kusaidia, Noble alikuwepo, wachoraji wengine walewale walikuwepo, na bado haikusimama. Paka na panya wale walihitaji hasira, na Jones alikuwa anawapa haiba.

Mtu anaweza kunipinga kwa The Dot and the Line ya 1965, iliyompa Oscar, au kwa How the Grinch Stole Christmas! ya Desemba 1966. Ya kwanza ni ya akili sana na imekauka. Ya pili siibishi hata kidogo, ni kazi kubwa. Lakini tazama imetengenezwaje. Dakika 26 za televisheni. Maneno yamefungwa ndani ya mashairi ya Dr. Seuss, mtu ambaye Jones alifanya naye kazi wakati wa vita katika katuni za mafunzo za askari Snafu, na ambaye hakuwa tayari kuona beti zake zikichezewa. Sauti moja kwa msimulizi na kwa Grinch, ya Boris Karloff. Uso mmoja wa kijani ambao wazo ovu linaupanda polepole mpaka kila ndevu inajikunja. Kuta zilikuwa zimerudi, nazo zilimpa nafasi ya kufanya alilolijua. Kuta zilipoondoka kabisa, katika The Phantom Tollbooth ya 1970, filamu yake ndefu ya dakika kama 90, wahusika wanasema, wanasema, wanasema, na yule bwana wa kunyamaza sijui alikuwa wapi.

Nisieleweke kwamba umaskini ni mwalimu mzuri. Wachoraji wale walilipwa kidogo, na filamu zao ziliingiza fedha kwa miongo mingi kwa watu wengine. Ninachosema ni kwamba kilichokuwa pale hakikuwa bajeti ndogo peke yake. Kilikuwa watu waliozoeana kwa zaidi ya miaka kumi, wakikutana na ukuta uleule kila wiki tano. Hilo halinunuliwi, na Jones hakulipata tena hata alipokuwa na jina la kununulia chochote.

Uzeeni alikuwa msimuliaji hodari, na hapo ndipo kiti cha mfalme kilipochongwa. Kitabu chake cha 1989 kilieleza kanuni za mfululizo wa mbweha na ndege: ndege asimdhuru mbweha ila kwa kupiga mlio wake, adui mkubwa wa mbweha awe mvutano wa dunia, huruma ya mtazamaji ibaki kwa mbweha. Kanuni nzuri, zinafundishwa mpaka leo kama amri za mlimani. Maltese, aliyeandika visa vyenyewe, alipoulizwa katika mahojiano alijibu kwamba hakuwahi kuzisikia. Simwiti Jones mwongo. Nadhani aliitazama kazi baadaye, akaliona umbo lake, akadhani umbo lilitangulia. Lakini mwaka 1979, alipotengeneza filamu ya kukusanya katuni zake za zamani na Bugs akawataja baba zake waliomuumba, jina la Bob Clampett halikuwemo. Walikuwa wamegombana kwa muda mrefu kuhusu nani anastahili sifa gani, na Clampett naye alikuwa amejichotea nyingi. Hata hivyo mtu aliyejua kwamba kufuta ni kuchora alikuwa akifahamu anachokifanya.

Mwaka 1996 alipewa Oscar ya heshima, akaipokea mwenyewe safari hii.

Ule mlio wa ndege mkimbiaji, mlio pekee anaoutoa, karibu kila mtu hudhani ni wa Mel Blanc, kwa sababu jina la Blanc ndilo lililoandikwa. Ulikuwa wa Paul Julian, mchora mandhari wa kikosi cha Friz Freleng, siyo hata cha Jones. Alikuwa akipita katika korido za studio amebeba picha kubwa mikononi, haoni mbele, na ili watu wampishe njia alikuwa akipiga honi kwa mdomo. Maltese na Jones walimsikia akipita, wakamwita aje mbele ya maikrofoni.